Habari ya Matumbawe Niliyomsomea Mke Wangu

Tarehe 9 Septemba 1998, siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, mke wangu alifariki nyumbani kwetu Dodoma. Miezi mitatu kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa ameshapoteza kitu, safari moja aliyoitaka kuliko kitu kingine chochote. Kifo kilikuwa cha Mungu. Safari niliiua mimi. Nina darasa la saba tu na sijui kupamba maneno kwenye karatasi. Kwa mdomo nilijua, na huko ndiko kosa langu lilikotoka.

Mke wangu alikuwa mtu wa pwani ya kusini, kijiji ambacho wakati ule ulikifikia kwa siku mbili za basi kutoka Dodoma, ikiwa barabara haijakatika. Mimi ni wa hapa hapa mjini. Wazee wetu walikuja na misafara ya biashara zamani, wakabaki, kwa hiyo majirani Wagogo hutuita watu wa pwani, lakini mimi bahari sikuwahi kuiona. Nilimjua alipokuja kumsaidia shangazi yake aliyekuwa na hoteli ya chai na maandazi karibu na stesheni. Tukaoana. Mungu hakutujalia mtoto, tukaishi wawili miaka kumi na saba.

Kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, wakati wa kipupwe, alikwenda kwao kwa mwezi mzima. Alimfuata mdogo wake wa kike, na aliufuata mwamba. Kwao, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali kuliko siku nyingine. Siku hizo wanaziita bamvua, na mwamba wa matumbawe hubaki wazi saa chache. Wanawake huenda huko na vyuma vyembamba kutafuta pweza. Alinieleza mara nyingi, nami nilipenda kumsikiliza kwa sababu alipoeleza alitembea chumbani, akiinua miguu kama yuko kwenye maji. Pweza hukaa tunduni, alisema, na mlangoni pake huacha magamba ya kaa aliyemla. Ukiona magamba unasimama. Na matumbawe hayakanyagwi, unapita kwenye mchanga katikati yake, maana ni kitu hai.

"Jiwe lenye uhai," nilimwambia.

"Si jiwe. Wewe wa bara, utajua nini."

Hilo lilikuwa neno lake kwangu kila nilipombishia, nami sikuona vibaya.

Mwaka 1996 alianza kuishiwa pumzi. Miguu ilivimba, akawa halali mpaka aegemee mito. Daktari alituambia moyo wake umekuwa mkubwa kuliko inavyotakiwa, na kwamba dawa zitampunguzia tu. Mwaka uliofuata hakwenda kwao. Halafu zikaja zile mvua za El Nino, barabara zikakatika, reli ikasombwa, akangoja tena. Mwezi wa tano wa 1998, ardhi ilipokauka, alimuuliza daktari kama anaweza kusafiri.

"Nenda," daktari akasema. "Lala Morogoro, lala Dar es Salaam, usikimbie. Na dawa usiache hata siku moja."

Nilimwona akicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebaki nyuma dakika moja nikamuuliza daktari, "Anaweza kufia huko?" Akanijibu kwa upole, "Anaweza kufia popote."

Jibu lile lilinikaa kifuani. Akilini nilimwona akizikwa mbali, kwenye mchanga wa watu nisiowajua, nami nikipata habari baada ya wiki. Sikumwambia. Alianza kujiandaa kwa ajili ya bamvua ya mwezi wa saba, akamwandikia mdogo wake barua. Niliandika mimi, yeye akisema, maana alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu. Msahafu aliusoma vizuri kuliko mimi, ila maandishi ya gazeti na barua yalimchosha.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye banda la kushona magodoro ya sufi. Tulikuwa watu watano. Sufi hupigwa kwa fimbo mpaka ijitenge, ndipo hujazwa kwenye kitambaa cha mistari na kushonwa kwa sindano kubwa. Vumbi lake huingia kila mahali, kwa hiyo wapigaji hufunga kitambaa puani na mdomoni na hawawezi kuongea. Ndiyo sababu tulipenda sana saa kumi ya jioni. Basi la Dar es Salaam lilikuwa limeshafika, tulikuwa na gazeti moja la wote, vitambaa vilifunguliwa, na mimi nikasoma. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuwa mengi miaka ile. Kila moja lilitaka kulishinda jingine kwa kichwa cha habari, na wino mwekundu ulijaa ukurasa wa mbele. Wenzangu waliniita Mwalimu. Sikuwa nasoma tu. Habari ya wizi niliisoma kwa kunong'ona, habari ya bungeni nikaisoma nimeshika tumbo. Watu wa bucha jirani walikuja kusikiliza, na mwenye banda alisema wateja wanaongezeka. Ilinifurahisha. Kazi ilikuwa inapungua, magodoro ya sponji yalikuwa yamejaa madukani, lakini saa kumi nilikuwa mtu.

Siku ile mwezi wa sita kichwa cha habari kilisema BAHARI YETU IMEKUFA. Chini yake, Makaburi meupe yatanda pwani nzima. Kulikuwa na picha kubwa ya matumbawe yaliyopauka, matawi matawi, meupe kabisa, na picha ndogo ya mwanamke aliyegeuza mgongo, mkononi ana ndoo tupu.

"Mwalimu, leo wamemkamata nani?" akauliza mmoja wa wapigaji.

"Leo hawajakamata mtu. Leo tuna msiba."

"Wa nani?"

Niliona wote wamenikazia macho. Nikasimama juu ya mzigo wa sufi, nikasafisha koo, nikaiga ile sauti ya matangazo ya vifo ya redioni ambayo kila nyumba iliijua. Nikasema ukoo wa samaki wa baharini unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao matumbawe, kilichotokea kwa homa ya maji ya moto. Habari ziwafikie changu popote alipo, pono, kolekole, na mjomba wao papa aliyeko safarini.

Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa kitambaa chake cha vumbi.

"Na pweza je, Mwalimu? Hajapewa habari?"

"Pweza ndiye mfiwa mkuu. Amekaa chini, ameshika kichwa kwa mikono yote minane."

Ndipo nikamwona mke wangu mlangoni. Alikuwa ameniletea chupa ya chai kama alivyofanya siku alizojisikia vizuri, akitembea polepole na kupumzika kwenye kila kibaraza. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Waliomwona wakanyamaza.

"Karibu shemeji," mmoja akasema. "Tunataniana tu."

"Nimesikia." Akakaa kwenye benchi, akapumua. "Soma sasa ilivyoandikwa."

Nikasoma ukurasa wa mbele bila utani, lakini nao ulikuwa umeandikwa kwa utani wa aina yake. Ulisema bahari imegeuka jangwa, samaki wamekimbia, wavuvi wanalia ufukweni, na kwamba kilichokuwa bustani sasa ni uwanja wa mifupa. Mwisho wa ukurasa paliandikwa Inaendelea ukurasa wa 5. Nikaishia hapo. Saa kumi hatukuwa na desturi ya kwenda ukurasa wa ndani. Mbele palitosha, baada ya hapo tulihamia mpira.

Kulikuwa na mzee mmoja, mpigaji wa siku nyingi kuliko sisi sote, Mgogo wa upande wa Haneti. Asubuhi alituamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," hata sisi tusio wa kabila lake. Alikuwa na ng'ombe zamani. Ukame mmoja uliwamaliza, ndipo akaja mjini kupiga sufi. Aliomba gazeti. Kusoma hakujua, alitaka picha. Aliishika mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole juu ya yale matawi meupe.

"Hii ni mifupa," akasema.

"Si mifupa, mzee," mke wangu akamwambia. "Ni matumbawe."

"Binti yangu, mimi mifupa naijua. Ng'ombe wangu walilala hivi hivi, uwanda mzima. Kikishakuwa cheupe namna hii hata fisi haji. Hakuna wa kurudi kukitazama."

Hakuna aliyecheka. Sisi wa huku weupe wa namna ile tunaujua. Ukivuka mbuga wakati wa kiangazi ukaona vichwa vya ng'ombe vimelala vyeupe, huulizi kama watapona. Hata mimi, niliyemsikia mke wangu miaka kumi na saba, niliitazama picha kwa macho ya yule mzee. Mke wangu aliitazama kwa macho yake mwenyewe, lakini mlangoni palikuwa na watu kumi, na wote walikuwa wameshakubaliana.

Jioni, tulipokwisha kuswali magharibi, alikaa kitandani ameegemea mito yake.

"Limesema na upande wetu?" akauliza.

"Limesema pwani nzima."

"Kuna mwaka, mimi mdogo, palipauka. Karibu na mlango wa maji, pale tulipookota sana. Jua lilikuwa kali mno mwaka ule. Pakawa peupe kama hivyo, mama akasema tupaache. Baadaye pakarudi. Si pote, lakini pakarudi."

Nikakunja mkeka wa kuswalia.

"Husemi kitu," akasema.

"Ya mwaka huu ni mengine. Hawa ni wataalamu wamesema."

"Wataalamu."

"Wamepiga mbizi, wamepiga picha. Umeona mwenyewe."

Nikasubiri aniambie wewe wa bara, utajua nini. Hakusema. Aliniomba nimsomee tena. Nikawasha taa, nikamsomea ukurasa wa mbele tena, kwa sauti ya kawaida, na kwa sauti ya kawaida maneno yale yalikuwa mabaya zaidi. Nilipofika kwenye uwanja wa mifupa alisema basi.

Kesho yake nilifika bandani kabla ya wenzangu. Gazeti likishasomwa tuliligawana. Mpira ulichukuliwa na vijana, kurasa nyingine tulifungia nyuzi. Karatasi ya ndani ilikuwa bado iko juu ya mzigo. Nikafungua ukurasa wa tano. Habari iliendelea kwenye kisehemu kidogo pembeni, kimebanwa na tangazo kubwa la magodoro ya sponji. Alikuwa anaongea bwana mmoja wa mambo ya samaki. Alisema ni kweli matumbawe mengi yamepauka kwa joto na mengi yamekufa, na bahari ikizidi kupata joto yatakufa mengine. Alisema hilo ni jambo kubwa. Lakini akasema kupauka peke yake si kufa. Tumbawe lililopauka bado linaweza kuwa hai, na maji yakipoa mengine hurudisha rangi. Akasema kuna sehemu zimeumia sana na kuna sehemu hazikuguswa, na kwamba watu wasiyakatie tamaa wakaacha kuyatunza yaliyobaki.

Nilisoma mara mbili. Mke wangu alikuwa ameyasema hayo akiwa kitandani, kwa maneno machache zaidi, bila kupiga mbizi. Pakarudi, si pote.

Ningeweza kwenda nyumbani saa ile ile, ni mwendo wa dakika kumi. Nimejiuliza kwa nini sikwenda, na majibu yote mazuri nimeyakataa. Si kwamba nilisahau, wala si kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilikunja karatasi, nikaiingiza chini ya magunia ya sufi, nikaanza kushona. Kichwa cha habari kilikuwa kimenifanyia kazi ambayo mimi mwenyewe sikuthubutu kuifanya, ya kumwambia mke wangu usiende. Nikajiambia nitamwambia baada ya wiki, akishatulia. Nikajiambia hivyo tena wiki ya pili.

Hakulalamika. Begi alilokuwa ameanza kulipanga alilifungua, khanga akazirudisha sandukuni. Nilipomuuliza kuhusu mdogo wake akasema, "Mwandikie nitakuja mwakani, nikipata nguvu." Niliandika. Wote wawili tulijua kwamba mwakani hatafika.

"Si unaweza kwenda kumsalimia tu?" nilimuuliza siku moja. Nilitaka nijione nimesema.

"Nikakae ufukweni nitazame makaburi? Hapana. Mwamba nimeuacha mzima, acha nibaki nao hivyo hivyo."

Habari ile haikuishia bandani kwetu. Wale watu wa bucha waliipeleka mbele, na kila aliyeipeleka aliiongeza. Sokoni kulikuwa na mwanamume wa Tanga aliyeuza ng'onda, samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani, na papa mkavu. Baada ya siku chache wanawake walikuwa wanapita meza yake wameziba pua, wakisema samaki hao wametoka makaburini, na kwamba maji yaliyoua mawe hayawezi kumwacha samaki. Nilisikia kijana akimpigia kelele, "Unatuuzia maiti, mjomba," na watu wakacheka kile kicheko cha bandani. Utani wangu ulikuwa umefika sokoni kabla yangu.

Mke wangu aliniomba nimpeleke kwake. Tulikwenda polepole, tukapumzika mara tatu. Alichagua ng'onda watatu, akawanusa kwa muda mrefu, halafu akamuuliza, "Kaka, kwenu mwamba vipi?"

"Nasikia umekufa, dada."

"Unasikia kwa nani?"

"Si kwenye magazeti? Mimi nyumbani sijafika tangu kabla ya mvua."

Aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikapu, nimeinamisha macho. Mtu wa bahari alikuwa anamweleza mtu wa bahari habari za bahari, na habari yenyewe ilikuwa imetoka kwenye karatasi niliyoisoma mimi, nusu yake. Njiani alisema, "Basi kama hata wa Tanga anasema." Safari hakuitaja tena.

Bamvua ya mwezi wa saba ikapita. Niliitambua kwa sababu mwezi mpevu uliwaka juu ya paa letu, naye alitoa kiti uani, akakaa akiutazama mpaka akasikia baridi. Nikamletea shuka. Karatasi ya ukurasa wa tano wakati huo nilikuwa nimeshaihamishia nyumbani, ndani ya kitabu cha dua. Nilisimama nyuma ya kiti chake na nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamuuliza kama anataka chai.

Mwezi wa nane hakuweza tena kufika mlangoni. Sikumwona amekasirika hata mara moja. Aliongea habari za kwao mara chache, na alipoongea alisema "palikuwa". Palikuwa na tundu moja halikosi pweza. Palikuwa na samaki wa manjano. Neno hilo lilinichoma kila mara, maana nilijua hakuna aliyempa ruhusa ya kulitumia ila mimi. Jumatano ile asubuhi alikunywa uji vijiko viwili, akasema amechoka, akageuza uso ukutani. Tulimzika alasiri.

Kijijini kwao hapakuwa na simu. Niliandika tangazo la redio. Nililiandika mara nne, kwa sababu kila nilipofika "habari ziwafikie" kalamu ilisimama. Mwisho nilimwomba jirani aandike yeye.

Mdogo wake alifika siku ya sita. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, ana mzigo mmoja kwenye kikapu cha ukili. Tulikuwa hatujawahi kuonana, lakini nilimjua kwa namna alivyokanyaga uani, akichagua pa kuweka mguu. Alilia kwanza kaburini, halafu nyumbani, halafu akaoga, akaingia jikoni akaanza kupika kama mwenyeji. Ndani ya mzigo wake kulikuwa na pweza wakavu watano.

Siku ya tatu ya kukaa kwake, wageni walipokuwa wamepungua, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Mimi nilikaa kwenye kigoda upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "mbona hakuja? Barua ilisema mwezi wa saba. Nilikwenda barabarani siku tatu kupokea mabasi."

"Tuliandika nyingine."

"Haikufika. Mpaka leo."

"Alisikia mwamba umekufa."

Akaacha kuchagua. "Nani kamwambia?"

"Lilikuwa kwenye gazeti."

"Hao." Akarudi kwenye mchele wake. "Walikuja na kwetu, na kamera. Jirani yangu alikuwa anatoka mwambani, ana pweza wawili na ndoo yake. Wakamwambia mwaga kwanza, mama, tupige picha. Akamwaga, akafikiri watamlipa."

Sijui kama jirani yake ndiye yule mwanamke wa kwenye picha. Yule alikuwa amegeuza mgongo. Nilimuuliza mwamba ukoje kweli.

"Umeumia," akasema. "Sitakudanganya. Upande wa nje ulipauka wote, sasa umeota majani ya kijani, ule umekwisha. Nimeulilia. Upande wa ndani, karibu na mlango wa maji, ulipauka nao, tukasema basi, halafu kipupwe kilipoingia rangi ikaanza kurudi. Pweza wako huko. Hawa niliokuletea nimewatoa huko. Wachache, si kama zamani, lakini wapo." Akapuliza pumba. "Dada angepajua. Ndipo palipopauka tulipokuwa wadogo, na pakarudi. Hakukwambia?"

"Aliniambia."

Alinitazama.

Niliinuka, nikaleta kitabu cha dua, nikatoa ile karatasi, nikamwekea kwenye mkeka. Naye hakusoma shule. Nikamweleza yaliyoandikwa, siku niliyoyasoma, na mahali nilipoificha. Nilimwambia pia kuhusu bandani, nilivyosimama juu ya mzigo na kutangaza msiba, na pweza mwenye mikono minane. Sikuacha kitu. Nilimwambia na jibu la daktari.

Alisikiliza bila kunikatiza. Jirani aliingia, akasalimia, akaona nyuso zetu, akatoka.

"Ulitaka asije kwetu," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ulitaka afie hapa."

"Nilitaka awe na mimi."

"Ungeniandikia, shemeji." Hakupandisha sauti. "Ungesema tu, mgonjwa hawezi safari, njoo wewe. Ningekuja tangu mwezi wa sita."

Jambo hilo halikuwahi kunijia, hata siku moja, katika miezi yote ile. Nilimwambia hivyo.

Alimaliza kuchagua mchele, akauosha mara mbili, akabandika.